Joto la Kompyuta Mpakato: Ada au Maradhi? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu viungo vya kompyuta mpakato na kazi ya kila kimoja. Sehemu hii ya pili inashughulikia swali ambalo mafundi wa kompyuta huulizwa mara kwa mara, nalo ni iwapo mashine inayopata moto wakati mwenyewe anaandika barua, anasoma habari au anatazama video tu ina kasoro, au iko katika hali yake ya kawaida. Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake ni namba moja, yaani kiwango fulani cha joto ambacho chini yake mashine ni nzima na juu yake ni mgonjwa. Namba zipo, na zitatajwa, lakini peke yake hazitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa joto lile lile laweza kuwa ada kwa kompyuta moja na maradhi kwa nyingine, kutegemea kazi inayofanywa, hewa ya chumba, na jinsi mashine hiyo ilivyokuwa zamani.

Kwanza yafaa kufahamu joto hilo linatoka wapi. Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alionyesha mnamo mwaka 1841 kwamba mkondo wa umeme unapopita katika waya wenye ukinzani huzaa joto, na kwamba joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukizidi mara mbili joto huzidi mara nne. Katika mota, sehemu kubwa ya umeme hugeuka kuwa mwendo; katika kompyuta hakuna mzigo unaoinuliwa wala gurudumu linalosukumwa, na ukiacha mwanga wa skrini na sauti ya spika, karibu umeme wote unaoingia huishia kuwa joto. Kompyuta inayotumia wati 30, kwa hiyo, ni hita ya wati 30 inayofanya hesabu, na hakuna ufundi unaoweza kuifanya isitoe joto kabisa.

Kiini cha joto hilo ni prosesa, yaani kipande kidogo cha silikoni kinachofanya hesabu zote za mashine. Ndani yake mna mabilioni ya transista, na transista ni swichi ndogo mno ya umeme inayoweza kufunguka na kufunga mara mabilioni kwa sekunde moja. Kila inapogeuka, chembe ya nishati hupotea kama joto, na chembe hizo zikijumlishwa hufikia wati 15 hivi katika kompyuta nyingi nyembamba za ofisini, na wati 45 au zaidi katika zile za michezo na uhariri wa video. Wati 15 ni kidogo zikilinganishwa na pasi ya umeme ya wati 1,000, lakini pasi hutandaza moto wake juu ya bamba la sentimita za mraba zipatazo 200, yaani wati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ilhali prosesa huutoa wake katika eneo la sentimita ya mraba moja na nusu hivi, yaani wati 10 kwa kila sentimita. Kwa kipimo hicho, kipande hicho kina moto mzito mara mbili kuliko uso wa pasi, nacho kimefungiwa ndani ya kasha lisilozidi unene wa vidole viwili.

Kiasi cha joto hilo hutawaliwa zaidi na mambo mawili, ambayo ni kasi ya kugeuka kwa transista na volti zinazoziendesha. Joto huongezeka sambamba na kasi, lakini huongezeka kwa mraba wa volti, na kwa kuwa kasi kubwa hudai volti nyingi zaidi, viwili hivyo hupanda na kushuka pamoja. Ndiyo sababu kasi ikipunguzwa kwa asilimia 10 na volti nazo zikashuka kwa asilimia 10, joto litokanalo na kugeuka kwa transista hupungua kwa takriban asilimia 27. Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walieleza mwaka 1974 kwamba transista zikifanywa ndogo zaidi, volti zake nazo zaweza kupunguzwa, hivyo nyingi zaidi zikatoshea pale pale bila joto kuzidi. Kanuni hiyo iliwafaa wabunifu kwa miaka thelathini hivi, kisha ikagota katikati ya muongo wa 2000, transista zilipokuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zilipokuwa zimefunga. Umeme huo unaovuja huongezeka kadiri silikoni inavyopata moto, na kwa njia hiyo joto huzaa joto, jambo linaloeleza kwa nini mashine iliyoshindwa kupoa hutumia umeme mwingi zaidi kwa kazi ile ile.

Kwa kuwa joto halizuiliki, kazi ya mbunifu ni kulipa njia ya kutoka, na njia hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana karibu kila ugonjwa wa joto ni kizuizi mahali fulani katika njia hiyo. Juu ya prosesa hupakwa utando mwembamba wa pesti ya joto, ambao ni uji mzito wenye chembe za madini, na kazi yake ni kujaza mianya midogo kati ya silikoni na bamba la shaba lililo juu yake, kwani hewa inayobaki katika mianya hiyo haipitishi joto vizuri. Kutoka kwenye bamba hilo huanza bomba la joto, kifaa ambacho George Grover alikiunda mwaka 1963 katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani.

Msingi wa kazi ya bomba hilo unafahamika kwa yeyote aliyewahi kunywa maji ya mtungini. Maji yanayopenya udongo wa mtungi hugeuka mvuke yakifika upande wa nje, na kila tone linaloondoka huchukua joto na kuyaacha yaliyobaki ndani yakiwa baridi. Bomba la joto ni kama mtungi uliozibwa: ni neli bapa ya shaba iliyoondolewa hewa na kutiwa maji kidogo, ambayo kwa kukosa shinikizo la hewa huchemka katika joto dogo; maji hugeuka mvuke upande wa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa pili wenye ubaridi, hugeuka maji tena na kuliacha joto huko, kisha maji hurudi yakifyonzwa na kuta za ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala umeme. Mwisho wa bomba hufungwa safu ya mapezi, yaani vipande vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa, na feni hupuliza hewa kati ya kurasa hizo hadi nje kupitia matundu ya ubavuni au nyuma ya kasha.

Namba zinazotajwa na mafundi huhusu joto la ndani ya prosesa, ambalo husomwa na vihisi vilivyomo ndani yake na kuonyeshwa na programu kama HWMonitor au Core Temp. Kompyuta iliyowashwa na kuachwa bila kazi kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 50 za Selsiasi. Kazi nyepesi za kuandika, kusoma barua pepe na kupitia kurasa za intaneti huipandisha hadi kati ya nyuzi 50 na 70. Kazi nzito kama michezo au uhariri wa video huifikisha kati ya nyuzi 80 na 95. Watengenezaji wa prosesa huweka ukomo, ambao katika nyingi za kompyuta mpakato ni kati ya nyuzi 95 na 105, na prosesa ikiufikia hujipunguzia kasi yenyewe ili ipoe, na ikishindwa kupoa huizima mashine ghafla. Kinga ya kujipunguzia kasi ilikuwemo tayari katika prosesa za Pentium 4 zilizotoka mwaka 2000, na kwa sababu yake ni nadra siku hizi prosesa kuungua kwa joto la kazi. Kinachomkuta mtumiaji ni mashine inayokokota, si inayotoa moshi.

Namba hizo zapaswa kupimwa kwa vigezo vitatu, na cha kwanza ni kazi. Prosesa za kisasa zimeundwa kuchapuka, yaani kutumia kwa sekunde chache umeme unaoweza kuwa mara mbili au zaidi ya kiwango chake cha kawaida ili programu ifunguke upesi, kisha kurudi chini. Kwa hiyo kipimo kikiruka hadi nyuzi 85 au 90 wakati hati kubwa inafunguliwa na kushuka baada ya muda mfupi, hapo hakuna ugonjwa. Dalili ya ugonjwa ni joto lisiloshuka kazi inapokwisha. Mashine iliyo kwenye nyuzi 75 ilhali hakuna kilichofunguliwa ama inafanya kazi ambayo mwenyewe haijui, ama imeshindwa kutoa hata joto dogo. Katika Windows, dirisha la Task Manager, linalofunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, huonyesha ni programu ipi inayokula prosesa. Mara nyingi hukutwa ni kivinjari chenye kurasa nyingi zilizosahauliwa, masasisho yanayopakuliwa kimyakimya, au programu hasidi inayochimba sarafu za kidijiti kwa manufaa ya mtu mwingine.

Kigezo cha pili ni hewa ya chumba, nacho ni kizito hasa kwa wakazi wa mwambao. Feni haitengenezi ubaridi. Inachofanya ni kupitisha hewa iliyopo, na kwa hiyo kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja ndani ya prosesa. Kompyuta inayopimwa nyuzi 60 katika chumba chenye nyuzi 22, ambacho ndicho chumba kinachodhaniwa katika miongozo mingi ya ughaibuni, itapimwa nyuzi 70 hivi Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari wakati chumba kina nyuzi 32, bila kuwa na kasoro yoyote. Watengenezaji wengi hutaja nyuzi 35 kuwa ukomo wa joto la mazingira ya matumizi, maana yake ni kwamba chini ya bati lisilo na dari adhuhuri, au mjini Muscat majira ya kiangazi bila kiyoyozi, mashine huwa imekwisha kuvuka mpaka kabla haijawashwa. Nyanda za juu zina nafuu ya ubaridi, ingawa hewa ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani na hivyo hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni. Hata hivyo, nafuu ya ubaridi huizidi hasara hiyo.

Kigezo cha tatu, ambacho ndicho husahauliwa zaidi, ni mashine yenyewe ilivyokuwa zamani. Kompyuta iliyokuwa na nyuzi 55 katika kazi fulani ikiwa mpya, na sasa ina nyuzi 80 katika kazi ile ile na chumba kile kile, imepata kizuizi hata kama haijafika ukomo wake. Kizuizi cha kwanza kushukiwa ni vumbi. Fundi anapofungua kifuniko cha chini cha mashine iliyotumika miaka mitatu bila kusafishwa, mara nyingi huikuta feni inazunguka vizuri na mapanga yake yana uchafu kidogo tu. Uchafu wenyewe umejificha pale feni inapokutana na mapezi, ambapo vumbi, nyuzi za nguo na nywele zimeshikamana na kuwa utando mzito kama sufi iliyoshindiliwa ndani ya mto, wenye upana wa mapezi yote, unaoweza kubanduliwa kwa kibano ukiwa mzima. Utando huo hauonekani kwa nje kupitia matundu. Kizuizi cha pili ni pesti ya joto, ambayo baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka, hivyo mianya iliyokuwa imejazwa hurudi kuwa hewa.

Mtumiaji asiye na bisibisi wala programu ya kupima anaweza kutofautisha magonjwa hayo kwa kuweka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa wakati mashine ina kazi. Hewa ikitoka kwa nguvu na ikiwa ya moto, hiyo ni habari njema, kwani joto linafika kwenye mapezi na linatolewa, na moto unaosikika mkononi ni moto uliokwisha kutoka ndani. Hewa ikitoka kidogo na ikiwa ya moto sana, huku feni inaunguruma, njia imezibwa na vumbi, au mashine imewekwa juu ya godoro linaloziba matundu ya chini. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni ya uvuguvugu tu, wakati kipimo cha ndani kiko juu na mashine inakokota, joto halifiki kwenye mapezi, na mshukiwa ni pesti iliyokauka au bomba lililopasuka na kupoteza maji yake. Isipotoka hewa kabisa na mlio wa feni usisikike, feni imekufa, isipokuwa katika kompyuta zilizoundwa bila feni, kama MacBook Air ya prosesa ya M1 iliyotoka mwaka 2020, ambazo hutoa joto kupitia kasha lake la alumini.

Mbinu ya kufanya kasha liwe kipoza si ngeni, kwani GRiD Compass ya mwaka 1982, mojawapo ya kompyuta za kwanza kukunjwa kama kitabu, ilikuwa na kasha la aloi ya magnesi lililosaidia kutoa joto. Jambo hilo lapaswa kukumbukwa kila kasha linapopapaswa, kwa sababu mkono ni kipimo kinachodanganya: alumini hupeleka joto kwenye ngozi upesi mno kuliko plastiki, hivyo kati ya kasha la chuma na la plastiki yenye joto sawa kabisa, lile la chuma huonekana kuwa na moto zaidi, ilhali huenda ndilo linaloipoza mashine vizuri zaidi.

Ngozi, hata hivyo, ina mpaka wake. Utafiti wa Moritz na Henriques uliochapishwa mwaka 1947 ulionyesha kwamba uso wenye nyuzi 44 ukigusana na ngozi kwa muda wa saa sita hivi huweza kuiunguza, na joto lililo chini ya hapo likirudiwa siku nyingi huacha mapajani mabaka mekundu au ya kahawia yenye umbo la wavu, ambayo zamani yalijulikana kwa watu waliozoea kuketi karibu na moto. Lugha imeipa mashine hii jina la mpakato kutokana na kupakata, kama mtoto anavyopakatwa, lakini vifaa vingi vya namna hii huvuta hewa kupitia matundu ya chini, na paja, kanga au blanketi huyaziba yote kwa mara moja. Jina linataja inavyobebeka. Mahali pake pa kazi ni mezani.

Madhara ya kupuuza joto la kudumu huanza kwenye kasi, lakini hayaishii hapo. Betri ya lithiamu huzeeka upesi katika joto, hasa ikikaa muda mrefu ikiwa imejaa chaji, na mwishowe huweza kuvimba hadi ikainua kibodi au bamba la kuguswa. Betri iliyovimba haifai kubonyezwa, kutobolewa wala kuendelea kuchajiwa. Diski kuu za kuzunguka, ambazo bado zimo katika kompyuta nyingi za mtumba, kwa kawaida hukadiriwa kufanya kazi hadi nyuzi 60 tu, chini kabisa ya ukomo wa prosesa iliyo jirani yake, na humo ndimo zimo kazi za miaka ya mwenye mashine.

Tiba nayo ina mpangilio wake, kuanzia isiyo na gharama. Kwanza mashine iwekwe juu ya meza ngumu, na ikiwezekana nyuma yake iinuliwe kidogo ili hewa ipite chini. Pili zifungwe programu zisizotumika. Tatu kasi ipunguzwe: katika kompyuta nyingi zenye Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 katika mipangilio ya umeme huzuia kuchapuka, na joto hushuka pakubwa ilhali mwandishi wa barua haoni tofauti. Hapo ndipo huja zamu ya fundi, ambaye atafungua, aondoe utando wa vumbi kwa mkono au kwa hewa ya kupuliza huku ameizuia feni isizunguke kwa kasi kupita kiasi, afute pesti ya zamani kwa spiriti na kuweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kupuliza kutoka nje bila kufungua husukuma utando nyuma kuelekea kwenye feni, na nafuu yake huwa ya siku chache.

Mwenye kompyuta mpya anashauriwa kuandika leo namba mbili, yaani joto la mashine ikiwa haina kazi na joto lake katika kazi ya kila siku, pamoja na hali ya chumba, kwani baada ya miaka miwili karatasi hiyo itamfaa kuliko jedwali lolote la mtengenezaji. Kompyuta mpakato inayopata moto ikifanya kazi na kupoa ikipumzika ni nzima. Inayobaki na moto hata ikipumzika ndiyo ya kupelekwa kwa fundi.